Sufuria Arobaini na Saba za Mama Auma

Vijana wangu, mkitaka kuijua nyumba ya Eastlands msianzie sebuleni. Sebule ni ya wageni. Imetandikwa vitambaa vya kufuma, runinga imepanguswa vumbi, na hapo hamtaambiwa ukweli. Pigeni magoti. Inueni shuka linaloning'inia kando ya kitanda mchungulie uvunguni. Huko ndiko nyumba inakoficha mambo yake, na mimi nimepiga magoti mbele ya vitanda vingi kuliko padri alivyopiga mbele ya altare.

Jina langu ni Wafula, Baba Nekesa kwa majirani, ila hapa Makadara wengi wananiita Mzee wa Stoo. Kazi yangu ilikuwa kupangia watu nyumba. Naingia mahali pamejaa hadi mwenyewe anapita ubavu ubavu, tunatoa kila kitu nje, tunaamua naye nini kinabaki na nini kinakwenda, kisha tunarudisha vilivyobaki mahali pake. Nimestaafu kwa sababu ya magoti haya haya. Kazi nimemwachia mjukuu wangu Brenda na wenzake, wenye tisheti za rangi moja na masanduku ya plastiki yanayoonyesha ndani. Ni yeye aliyenisukuma niwaandikie ninyi mnaoanza.

"Kuka, waandikie," aliniambia, maana kwetu babu ni kuka, "lakini usiwaboeshe."

Nitajaribu kutowachosha. Ila nawaonya mapema kwamba nikianza kuzungumza juu ya kupanga nyumba huwa sishikiki. Mke wangu hunitoa mezani chai ikiwa imepoa.

Nilijifunzia stoo ya kiwanda kule Baba Dogo. Nilikuwa nikitunza vipuri: nati, mikanda ya mashine, beringi, vitu vya namna hiyo. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Kassim, mtu wa Pumwani, kofia nyeupe kila siku na fimbo ya kupimia rafu mkononi. Hakuwa na makelele. Akikuta kitu sakafuni alikiokota, akakigeuza, akauliza swali moja tu: "Hiki ni cha nani?" Kama hakuna aliyejibu, stoo haifungwi. Tulisimama pale wanaume wazima, tumbo linanguruma, tunamtafuta mwenye nati moja. Nilimchukia miaka miwili. Halafu nikaanza kumpenda, na leo nikikumbuka lile swali lake nacheka peke yangu kwa furaha, maana ndilo lililonilisha.

Kiwanda kilipofungwa nikarudi nyumbani bila cha kufanya. Nikaipanga nyumba yetu kwa siku tatu. Kila kitu kwa safu, kikubwa nyuma, kidogo mbele, na karatasi yenye jina juu ya kila mkebe. Mke wangu aliporudi kutoka kwa dadake alilia. Nikajua ni machozi ya furaha. Siku ya pili ndipo nilipogundua kwamba alikuwa hapati chumvi.

Lakini jirani aliona, naye akaniita kwake. Wa pili akaniita, wa tatu akaniita. Watu walicheka sana, nawaambia! Mwanamume mwenye mvi, fundi wa stoo, anakunja nguo za akina mama! Vijana wa pale kituoni walikuwa wananiimbia nikipita. Mimi nilipita nikiimba nao, kwa sababu nilikuwa nimepata kazi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya.

Makosa? Chukueni viti. Kule Umoja niliitwa na mwalimu mmoja na mkewe. Baraza la nyuma lilikuwa na mitungi ya maji kumi na miwili, ile ya njano. Nikawaambia watu wawili hawahitaji mitungi kumi na miwili. Tukagawa minane, baraza likapendeza, tukapeana mikono. Wiki iliyofuata mabomba yakakauka siku tisa. Mwalimu alinipigia simu, wala hakunisalimu. "Mzee wa Stoo," akasema, "naomba uje unieleze tunaoga na nini." Nilibeba mitungi yangu mwenyewe nikampelekea. Kwa hiyo mkisoma kwenye simu zenu kwamba kitu ambacho hakijatumika muda mrefu kitupwe, kumbukeni aliyeandika anaishi mahali ambapo bomba likifunguliwa maji hutoka. Hapa kwetu usiguse mtungi wa mtu.

Jambo lingine ni mikebe. Mkebe wa siagi Eastlands hauna siagi, una sindano na nyuzi. Mkebe wa aiskrimu una omena, wale dagaa wa ziwani. Ukikuta mkebe wa siagi wenye siagi, ita mwenye nyumba, kuna jambo halijakaa sawa. Na katoni ya runinga iliyo juu ya kabati msibishane nayo kabla ya kuifungua. Nimewahi kutoa humo nguo za mtoto mchanga ambaye sasa yuko chuo kikuu, cheti cha ndoa kilichotafutwa miaka, na mara moja, kule Kaloleni, kuku aliyekuwa akilalia mayai. Tulimrudisha taratibu tukaandika juu ya katoni: Usiguse.

Lakini nililotaka kuwaambia hasa ni habari ya Mama Auma, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyonifundisha kazi hii wakati nilidhani nimeshaijua.

Mama Auma alikuwa mjane, anaishi katika nyumba moja ya zile za zamani karibu na Barabara ya Jogoo, vyumba viwili na jiko. Alikuja kwangu Jumatatu asubuhi, amefunga leso vibaya, jambo ambalo si kawaida yake. Mwanawe Odhiambo, fundi wa mjengo, alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa miezi mitatu nyuma. Miguu ilikuwa bado haimwitikii. Hospitali ilikuwa inamtoa Jumamosi akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na alitakiwa kurudi kwa mazoezi mara mbili kila wiki.

"Auma ameshaamua," akaniambia. Auma ni bintiye mkubwa. "Amesema hii nyumba yangu hata paka hageuki. Kiti kisipoingia, Jumamosi hiyo hiyo wanampeleka Siaya kwa mjombake. Gari wameshapata. Na huko Siaya, Baba Nekesa, nani atamfanyisha hayo mazoezi? Mtoto wangu atakaa tu hivyo."

Nikachukua kofia nikamfuata.

Chumba cha pili, ambacho Odhiambo angelala, kilikuwa hakifunguki. Tulisukuma mlango kwa bega. Ndani, vijana wangu! Sufuria zimepandana hadi dari. Sufuria za kupikia watu kumi, za watu hamsini, karai, vikombe kwa magunia, chupa za chai, turubai mbili zimekunjwa. Moyo ulinidunda kama wa bwana harusi. Fundi hufurahi akiona kazi.

"Hii yote ni yako?"

"Yangu?" Akacheka kwa mara ya kwanza. "Hii vitu yote ni ya watu. Hapa hakuna changu hata kimoja."

Akanieleza. Nyumba yake imepakana na ule uwanja mdogo ambapo mtaa mzima hupiga hema, iwe ni matanga, harusi, au mtoto amerudi kutoka kutahiriwa. Kila jambo likitokea majirani huazimana vyombo. Jambo likiisha watu wamechoka, na mlango wa karibu ni wa Mama Auma. "Wacha hapa, nitachukua kesho." Miaka kumi na sita ya kesho. Anayehitaji sufuria yake huja akaichukua, akimaliza anairudisha pale pale, maana ni rahisi kuliko kuibeba hadi ghorofa ya tatu.

Shikeni hilo, kwa sababu hamtalisoma popote. Nyumba nyingi za kwetu hazijajazwa na vitu vya mwenye nyumba. Zimejaa vitu vya watu. Shemeji aliacha godoro, kanisa liliacha ngoma, binamu aliacha sanduku akaenda Mombasa. Ukimwambia mwenye nyumba atupe, unamwambia awe mwizi.

Jumanne nilienda hospitali kupima kiti. Odhiambo alikuwa amelala anatazama ukuta. Aliponiona na kamba yangu ya kupimia akageuka.

"Mzee, niaje. Ati wewe ndiye unafungua keja ya mamangu?"

"Nipo, kijana wangu. Kiti chako kina upana gani?"

Akaniacha nipime. Halafu akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuomba: "Mzee, usiwaache wanipeleke ocha, huko Siaya. Huku nimeanza kusikia vidole. Vidole viwili. Nikienda ocha, hiyo imeisha."

Muuguzi akaniambia kiti kinahitaji mita moja na nusu ili kizunguke bila kugonga kitu. Nilirudi, nikakata mti wa ufagio urefu huo huo, nikawa natembea nao kila mahali kama Bwana Kassim na fimbo yake. Kanuni yangu ilikuwa nyepesi. Fimbo ikizunguka katikati ya chumba bila kugusa chochote, Odhiambo anabaki Nairobi.

Tukapanga na Mama Auma. Habari ikapelekwa kanisani, msikitini na kwenye simu za akina mama wa chama: wenye vyombo waje Ijumaa saa tatu asubuhi, kila mmoja achukue chake aende nacho kwake. Alhamisi yeye angeshinda hospitalini akifundishwa jinsi ya kumhamisha mwanawe kutoka kitandani. Mimi ningebaki kuvitoa vyombo vyote uani na kuvipanga.

Sasa ndipo Mzee wa Stoo alipofanya ujinga wake mkubwa.

Nilizitoa sufuria zote, arobaini na saba, nikazipanga uani kwa safu. Nikaona vitako vyake ni vyeusi tititi kwa masizi. Nikajiambia, haiwezekani akina mama waje kuchukua vyombo vichafu mbele yangu. Tena katika stoo yangu ya Baba Dogo hakukuwa na kitu kisicho na namba, na namba haiandikiki juu ya masizi. Nikachukua mchanga, majivu na waya wa kusugulia, nikakaa kwenye kigoda, nikasugua tangu saa mbili asubuhi. Nilisugua nikiimba. Vitako vilitoka vinang'aa hadi nikaona meno yangu. Kisha nikachukua rangi nyeupe, nikaandika kila sufuria namba, moja hadi arobaini na saba, na kwenye daftari nikaandika namba, ukubwa na hali. Nilitamani Bwana Kassim afufuke japo dakika tano aje aone.

Saa kumi na moja jioni Mama Auma akarudi. Akasimama mlangoni pa ua. Akaokota sufuria moja, akaigeuza. Akaokota ya pili. Kwa ile ya tano akakaa chini, pale pale kwenye saruji yenye maji.

"Baba Nekesa, umefanya nini?"

"Nimeziosha."

"Umewaosha wenyewe," akasema. "Umewaosha wakaisha."

Mimi mwanamume, miaka yote ya ndoa sikuwa nimewahi kugeuza sufuria nikatafuta jina chini. Kumbe huko ndiko kulikuwa na majina! Nukta tatu za rangi ya kucha nyekundu ni Mama Halima. Msalaba wa rangi ya waridi ni mama wa kwaya. Mwingine alichora kwa msumari, juu juu, mwingine alipaka rangi ya mlango wake. Masizi yote yale, mimi nilidhani ni uchafu, yalikuwa yamezilinda alama hizo, na mwenye chombo alikwangua kidogo tu kwa ukucha akaiona yake. Na vifuniko havikusaidia, kwa sababu vifuniko vilibadilishana tangu zamani.

Brenda akiisikia habari hii hushika kichwa. "Kuka, si ungepiga picha kwanza!" Simu yangu ya wakati ule, vijana, ilikuwa na tochi tu.

Mama Auma hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu kwamba miaka kumi na sita hakuna mtu aliyewahi kukosa chombo chake mlangoni kwake, na kesho watakosa wote pamoja. Watakapogombana hawataondoka na chochote, sufuria zitarudi ndani, na Jumamosi gari litaenda Siaya. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Niliondoka bila kula.

Ijumaa saa tatu walikuwa wameshafika. Akina mama thelathini na ushei, wengine na watoto mgongoni, wengine na vikapu. Kwa dakika moja walishangilia jinsi zinavyong'aa. Kisha mmoja akageuza. Mwingine akageuza. Kelele zikaanza.

"Yangu iko wapi?"

"Hii ni yangu, wacha!"

"Yako ilikuwa kubwa hivi lini?"

Namba kumi na mbili ilikuwa imeshikwa na watu watatu. Nilisimama na daftari langu, nasema kwa sauti, "Akina mama, tafadhali," na hakuna aliyenisikia. Nilitamani ardhi inimeze na kigoda changu.

Hapo ndipo alipoingia Mama Halima. Ni mama wa pilau, mtu mkubwa kwa umbo na kwa heshima, hakuna harusi ya mtaa ule iliyopita bila mkono wake. Alinitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Ni wewe uliyesugua?"

"Ni mimi, mama."

"Mwenyezi Mungu akusamehe. Nipeni mwiko."

Akapewa. Akaenda kwenye sufuria kubwa ya kwanza, akainama, akafumba macho, akakoroga. Sufuria tupu! Akakoroga mara mbili, akatikisa kichwa, akaenda ya pili. Kwenye ya nne mwiko ulizunguka, ukasita kidogo upande wa kushoto, ukaendelea. Akarudia. Ukasita pale pale.

"Huyu ni wangu," akasema akifungua macho. "Ana bonde hapa. Miaka ishirini ananikwamisha mwiko hapa hapa. Wewe umesugua nje, baba. Ndani hukunigusa."

Lo! Mngeuona ule ua! Miko ilitoka kwenye vikapu, ilitoka nyumba za jirani, wengine wakachukua vijiti. Akina mama thelathini wanakoroga hewa na macho yamefumbwa! Kelele ya miko kwenye sufuria ilisikika hadi barabarani, watu wakaja kuchungulia wakidhani kuna sherehe. Mmoja aliijua yake kwa sababu ukiiweka chini huinama kama inakusalimu. Mwingine aliijua kwa mdomo uliopinda siku mumewe alipoiangusha kutoka kwenye mkokoteni, naye akaanza kumgombeza mume pale pale kwa kosa la miaka minane. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Na kila sufuria ilipopata mwenyewe, mimi nikapayuka, "Namba ngapi?" nikaandika jina lake mbele ya namba. Daftari langu la kijinga likapata kazi!

Alikuja pia msichana mmoja ambaye mamake alikuwa amefariki. Alisimama pembeni na kikapu chake, hajui aanzie wapi, kwa sababu hakuwahi kupikia sufuria ya mamake. Mama Halima akamshika mkono, akazunguka naye, akatazama ndani ya sufuria moja baada ya nyingine, kisha akamwonyesha duara la kuungua kwenye moja. "Hii. Mamako alikuwa anaacha uji unashika akipiga hadithi. Kila mara." Msichana akaikumbatia na akalia.

Kufikia saa tisa sufuria arobaini na sita zilikuwa zimeondoka, na vikombe na karai na turubai pia. Ikabaki moja. Namba thelathini na moja, ya ukubwa wa kati, ya kutosha watu kumi na watano. Kila aliyekuwepo aliikoroga. Kila mmoja alisema si yake.

"Basi iko na mwenye hajakuja," akasema Mama Auma. "Nitaiweka."

"Umeikoroga wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nikoroge nini? Si nimekwambia hapa hakuna changu."

Sijui kwa nini nilishikilia. Labda ni Bwana Kassim ndani yangu, yule asiyefunga stoo. Nikamwekea mwiko mkononi. Akakoroga kunifurahisha, huku akimtazama Mama Halima, anataka kuongea habari nyingine. Mwiko ukagonga kitu: tak. Akainamia sufuria. Akazungusha tena. Tak. Kila mzunguko, tak.

Akaweka mkono ndani, akapapasa. "Ni ribiti," akasema kwa sauti ndogo. "Ni ile ribiti ya Baba Auma."

Mumewe ndiye aliyekuwa ameinunua wakati wa ubatizo wa Odhiambo. Ilipotoboka akaiziba mwenyewe kwa ribiti ya kazini, kile kimsumari kifupi cha kubania bati. Muda mfupi baada ya kumzika, jirani mmoja alifiwa, Mama Auma akaiazimisha, na iliporudi ilirudi na zingine kumi. Hakuwahi kuiwekea alama kwa sababu aliona ataijua tu. Kisha zikaongezeka, ikafunikwa, na kwa miaka yote hiyo hakuitafuta ndani ya lile rundo, kwa sababu alichelea mtu asije akaona kwamba anajichagulia vyombo vya watu. Alikuwa amelala ukuta mmoja na sufuria ya mumewe miaka kumi na sita akisema hana chake. Alikaa kwenye kigoda changu, ameipakata, anacheka na machozi yanateremka, na Mama Halima akamfunga leso yake vizuri.

Ijumaa hiyo hiyo, jua likiwa bado liko, tulifagia kile chumba. Kitanda ukutani, kabati nyuma ya mlango, ubao wa mteremko pale kizingitini. Nikachukua ule mti wa ufagio nikauzungusha katikati. Haukugusa kitu! Nikauzungusha tena kwa ajili ya raha tu.

Tangu siku ile, vijana, sijawahi kuosha, kufuta wala kupaka kitu cha mtu kabla ya kukigeuza na kuuliza swali la Bwana Kassim. Sufuria sasa hukaa kwa wenyewe, na lile daftari ndilo hukaa kwa Mama Auma. Kukiwa na matanga au harusi mnafungua, mnasoma namba, mnajua ya nani mkaombe na mumrudishie nani. Brenda ameliingiza kwenye simu, na picha za vitako arobaini na saba, kila kimoja na rangi yake mpya ya kucha. Ninyi mnajua mambo ya simu kuliko mimi. Lakini mkiwa na shaka, mpeni mama mwiko.

Jumamosi gari lilikuja saa nne, likitoka hospitalini na Odhiambo ndani. Mjomba wa Siaya alikuwa kwenye usukani na hakuzima injini. Auma aliteremka kwanza, mrefu, amekunja uso, akasimama mlangoni pa kile chumba akiwa amekunja mikono. Mimi nilijibanza jikoni, ambako sufuria namba thelathini na moja ilikuwa motoni, imejaa nyama. Odhiambo akajisukuma mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Akapanda ubao. Akapita mlango. Akafika katikati ya chumba akatazama kuta nne kama mtu aliyeingizwa nyumba isiyo yake.

"Mathe, hii keja ilikuwa kubwa hivi?"

Akashika gurudumu moja, akavuta. Kiti kikazunguka mzima, hakikugonga kitanda wala kabati. Akazunguka tena. Mara ya tatu akaachia kicheko ambacho sikukijua, kwa sababu hospitalini sikuwahi kumsikia akicheka.

"Wacha kuzunguka utapata kizunguzungu," Mama Auma akasema na mwiko mkononi. "Kuja ukule."

Auma alikunjua mikono, akajipangusa macho kwa kiganja, akatoka nje. Nikasikia mlango wa gari unafunguliwa, yeye na mjombake wanaongea kidogo, halafu injini ikazimwa.